Kongwe la Kando ya Mtaro



Wengi wetu huku Mbagala na Tandika tumewahi kurudi kazini homa ikiwa bado mwilini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 humpa mwajiriwa siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Lakini muuza maandazi atampelekea nani cheti cha daktari? Asipowasha jiko, watoto hulala njaa.

Sisi tuliporudi, magoti yalitushinda njiani, tukaketi kando ya mtaro. Hapo ndipo tulipoliona kongwe, gugu ambalo mkulima hulichukia kwa kuwa likikatwa huota tena. Ua lake dogo la buluu huchanua asubuhi, na jua likipanda hunyauka. Miaka yote tulilipita tukiwahi daladala! Bwana wetu alipowaambia wanafunzi wayatazame maua ya kondeni, bila shaka aliwataka kwanza wasimame.

Mama mmoja alitua beseni lake la maandazi, akaketi karibu nasi. Naye alikuwa na homa. Tulilitazama ua pamoja, tukacheka kidogo. Kisha tulimsaidia kujitwika. Mikono yake ilikuwa bado ya moto.