Kabla ya Kuuza Shamba, Tusome Mkataba



Leo tunazungumza juu ya vijana wetu wa Kenya waliosomea ufundi: mafundi umeme, mafundi mitambo na wataalamu wa kompyuta. Wengi wana vyeti lakini hawana kazi ya kudumu. Wakisikia Ujerumani inatafuta mafundi, wazazi huanza kuhesabu mali ya kuuza.

Ni kweli Ujerumani inahitaji watu, kwa kuwa wafanyakazi wake wengi wanazeeka na kustaafu. Sheria yake ya kupokea wafanyakazi wenye ujuzi ilianza kutumika Machi 2020, na kuanzia Novemba 2023 masharti yakalegezwa hatua kwa hatua. Tarehe 13 Septemba 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini makubaliano ya uhamiaji na ajira mjini Berlin. Mara zikavuma habari kwamba Wakenya wametengewa nafasi 250,000. Wizara ya Mambo ya Ndani ya Ujerumani ilikanusha: makubaliano hayataji idadi yoyote, na kila mwombaji lazima atimize masharti ya sheria.

Uvumi kama huo ndio mtaji wa wakala tapeli. Hudai fedha za kushikia nafasi ambayo haipo. Familia ikiuza shamba kwa ajili hiyo, kijana haendi na shamba halirudi.

Masharti yenyewe si siri. Kwa kawaida kijana anahitaji mwajiri halisi, mkataba wa kazi na cheti kinachokubalika. Asiye na mwajiri anaweza kuomba Kadi ya Fursa, iliyoanza Juni 2024, inayompa hadi mwaka mmoja wa kutafuta kazi akiwa huko. Lakini awe na shahada, au mafunzo ya ufundi ya miaka miwili au zaidi, yanayotambuliwa na serikali ya nchi yake. Ajue Kijerumani cha ngazi ya A1 au Kiingereza cha B2. Tena aonyeshe kwamba ana zaidi ya euro 1,000 za kujikimu kwa kila mwezi.

Hakuna wakala awezaye kumnunulia kijana ujuzi wala lugha. Heri fedha ziende darasani, maana elimu itabaki yake hata asiposafiri.

Kwa hiyo tunaziomba kamati mambo matatu. Kwanza, someni mkataba pamoja na familia kabla ya shilingi yoyote kulipwa. Pili, hakikisheni wakala amesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira. Tatu, wakusanyeni vijana wasome lugha pamoja, ili wagawane gharama ya mwalimu.

Wafadhili wetu hutuuliza: je, hatuwapotezi mafundi tuliowasomesha? Swali hilo ni la haki. Anayeondoka huacha pengo, ingawa hutuma fedha nyumbani. Lakini fundi anayekaa bila kazi naye amepotea, japo yuko kijijini. Ndiyo maana tunaomba msaada wa aina mbili: ada ya lugha na mitihani kwa wanaokwenda, na vifaa vya karakana kwa wanaobaki. Wanaobaki ndio wengi, nasi tusiwasahau.