Makala Yachapishwe, Lakini Wapi?



Leo nataka tuzungumzie jambo ambalo wengi wetu hudhani ni la wasomi peke yao. Ni namna utafiti unavyofika, au unavyoshindwa kufika, kwenye majarida ya kitaaluma. Nawaombeni msibadilishe stesheni. Utafiti wa dawa ya malaria, wa mbegu ya mahindi na wa maji ya kisima unatuhusu sote, na sehemu kubwa hugharimiwa kwa kodi zetu au kwa misaada iliyoombwa kwa jina letu.

Tuanze na mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1963 kijana Erasto Mpemba, mwanafunzi wa Shule ya Sekondari Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu pamoja na wenzake. Kwa kuogopa kukosa nafasi katika jokofu, aliyatia maziwa yake yakiwa bado moto. Yakaganda kabla ya maziwa ya mwenzake ambaye hakuyachemsha kabisa. Alipomwuliza mwalimu sababu, alijibiwa kwamba amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa Mkwawa, Iringa, alimwuliza swali lile lile Dakta Denis Osborne, mwalimu wa fizikia wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake wakamcheka. Osborne aliporudi chuoni aliagiza jambo lile lijaribiwe. Mwaka 1969 makala ya watu hao wawili ilitoka katika jarida la Uingereza liitwalo Physics Education. Hadi leo wanafizikia wa nchi nyingi wanabishana juu ya jambo hilo, na wanaliita kwa jina la Mpemba.

Je, makala ile isingechapishwa? Ingebaki kichekesho cha darasani, na pengine sifa angepewa mtu mwingine wa nchi nyingine.

Kwa hiyo kuchapisha si kujitangaza. Ni kuuweka ushahidi wako mezani ili wengine waupime, waupinge au wauendeleze. Utaratibu huo ni wa zamani. Jarida la Royal Society ya London lilianza mwaka 1665. Siku hizi mtafiti hupeleka makala kwa mhariri, mhariri huwapa wataalamu wawili au watatu waisome kwa jicho kali, nao husema ikubaliwe, irekebishwe au ikataliwe.

Sasa tazameni biashara iliyojengwa juu ya utaratibu huo. Mkulima analima shamba kwa jembe la serikali. Anavuna, anampelekea mwenye kinu mahindi yake bure. Majirani wanakuja kupepeta, nao bure. Kisha mwenye kinu anafunga unga katika mifuko mizuri na kumwuzia mkulima yule yule, kwa bei anayotaka yeye. Ndivyo yalivyo majarida mengi ya kulipia. Mtafiti halipwi, wataalamu wanaopitia makala mara nyingi hawalipwi, lakini maktaba ya chuo hutozwa fedha nyingi kila mwaka. Msishangae basi kwamba kitengo cha sayansi cha kampuni ya RELX, yenye kumiliki wachapishaji Elsevier, kwa miaka mingi kimekuwa kikitangaza faida ya uendeshaji ya zaidi ya asilimia 30 ya mauzo.

Hali hiyo iliwachosha wengi. Mwaka 2002 kundi la wasomi na wakutubi lilitoa tamko maarufu la Budapest, likidai utafiti usomwe na yeyote kwenye intaneti bila malipo. Mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani lilizindua mpango wa Hinari, unaoziwezesha taasisi za nchi maskini kusoma majarida ya tiba bure au kwa ada ndogo. Hayo ni mema, na yamewasaidia madaktari na wanafunzi wetu.

Lakini gharama haikufutwa, ilihamishwa. Msomaji alipoacha kulipa, katika majarida mengi alitakiwa kulipa mwandishi. Kuanzia Januari 2021 jarida la Nature liliweka ada ya euro 9,500 kwa mtafiti anayetaka makala yake isomwe bure na wote mara inapotoka. Kwa fedha zetu hizo ni zaidi ya shilingi milioni 20 kwa makala moja! Ni kweli kwamba wachapishaji wengi husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi maskini. Lakini msamaha si haki. Una masharti yake, na anayeutoa leo anaweza kuuondoa kesho. Jana mlango ulifungwa kwa msomaji. Leo msomaji ameingia, anayegonga ni mwandishi.

Na penye ada hapakosi matapeli. Wakajitokeza watu wanaofungua majarida kwenye mtandao kama watu wafunguavyo vibanda vya kuuza vocha. Humwandikia mhadhiri barua pepe ya sifa tele, “Mheshimiwa Profesa, tumevutiwa na kazi yako,” wakiahidi kuichapisha makala ndani ya wiki moja. Waswahili husema mkono mtupu haulambwi. Ukilipa, makala inatoka, hakuna aliyeisoma.

Msidhani nawasingizia. Mwaka 2013 mwandishi John Bohannon alitunga makala ya uongo juu ya dawa ya saratani, yenye makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona mara moja. Aliituma kwa majarida 304 yanayotoza ada, akitumia majina ya kubuni ya Kiafrika na vyuo visivyokuwapo, kimojawapo eti cha mjini Asmara. Majarida 157 yaliikubali. Mwaka 2019 mahakama ya Marekani iliamuru kampuni ya OMICS ya India ilipe zaidi ya dola milioni 50 kwa kuwadanganya watafiti. Hata wakubwa hawakupona. Kampuni ya Wiley ya Marekani ilinunua majarida ya Hindawi mwaka 2021, na kufikia mwaka 2023 ililazimika kufuta makala zaidi ya 8,000 za majarida hayo, nyingi zikiwa zimepenyezwa na watu wafanyao biashara ya kutengeneza makala bandia.

Hapo ndipo penye hatari kwetu. Makala bandia juu ya dawa haikai kimya kwenye mtandao. Daktari anaweza kuisoma, mwanafunzi akainukuu, mganga wa vipodozi akaitumia kuuza chupa zake sokoni.

Sasa tujiulize. Mhadhiri mwenye shahada tatu anawezaje kunaswa na mtego wa namna hiyo? Wengine hudanganywa kweli. Lakini wengine wanajua, na wanalipa makusudi. Sababu yake haiko India wala Marekani. Iko katika vikao vyetu vya kupandisha vyeo. Mhadhiri huulizwa ana makala ngapi, kabla ya kuulizwa makala hizo zinasema nini. Ana madarasa yaliyofurika, ana mitihani ya kusahihisha, na jarida zuri linaweza kumweka mwaka mzima au zaidi bila jibu. Mtu huyo akiambiwa kuna mahali makala hutoka kwa wiki moja, atafanya nini? Anayehesabu magunia bila kuyafungua asilalamike akiletewa makapi.

Waswahili husema pia kwamba mcheza kwao hutunzwa. Je, wasomi wetu hutunzwa wakicheza kwao? Tunayo majarida yetu. Jarida la Kiswahili, linalotolewa na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, lina asili yake katika taarifa za Kamati ya Lugha zilizoanza mwaka 1930. Tangu mwaka 1998 uko mtandao wa African Journals Online, wenye makao yake sasa Afrika Kusini, unaoyaweka majarida ya Afrika mahali pamoja yaonekane duniani. Hata hivyo, jarida la ng'ambo bado huheshimiwa kabla halijafunguliwa, na la nyumbani hutiliwa shaka kabla halijasomwa.

Najua wapo watakaonijibu kwamba majarida yetu huchelewa, toleo la Juni hutoka Desemba, na kwamba watu hupitishiana makala kwa kujuana. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake. Lakini nani anayeyahariri? Ni walimu wanaofanya kazi hiyo usiku, bila posho na bila kupunguziwa vipindi. Ng'ombe uliyemnyima majani usimtukane kwa kutoa kikombe kimoja cha maziwa. Brazil haikuwa nchi tajiri ilipoanzisha mtandao wake wa SciELO katika miaka ya 1990, kwa msaada wa fedha za umma, ili majarida yake yasomwe bure. Walikaza masharti ya ubora kwanza, heshima ikafuata.

Basi, ndugu wasikilizaji, naona mambo manne yanawezekana bila kusubiri mfadhili. Kwanza, vikao vya vyeo visome makala tatu bora za mwombaji badala ya kuhesabu 20. Pili, vyuo viwape wahariri wa majarida muda na malipo, na vikatae makala za kujuana bila kuoneana haya. Tatu, wakutubi wetu, ambao ndio wanaoyajua majarida ya kweli na ya uongo, waulizwe kabla mhadhiri kijana hajatoa hata shilingi moja. Yeye mwenyewe ajiulize: mhariri ni nani, anapatikana wapi, na ni nani ninayemfahamu aliyewahi kuchapisha hapo?

Nne, na kwangu hili ni kubwa. Mwanakijiji aliyetoa damu yake kwa utafiti, au aliyeacha shamba lake lipimwe, ana haki ya kuambiwa kilichoonekana. Kila utafiti uliofanywa nchini uwe na muhtasari wa ukurasa mmoja kwa Kiswahili chepesi, ubandikwe kwenye zahanati au ofisi ya kijiji ulikofanyika. Ukurasa huo hauna ada ya euro, wala haumhitaji mchapishaji wa ng'ambo. Unahitaji karatasi, gundi, na mtafiti anayekumbuka ni nani waliomfungulia mlango.