Asiyependwa, Asiyetazamwa na Asiyejulikana
Hotuba kwa wazee na walimu wa Arusha juu ya maneno kadha wa kadha ya Kiingereza



Tumeombwa kusema juu ya maneno ya Kiingereza yamwelezayo mtu asiyependwa na watu, au asiyetazamwa, au asiyejulikana. Huenda wengine wakafikiri ya kuwa jambo hili ni la darasani tu. Sivyo. Barua za maombi na za mashtaka, hasa zile ziendazo nchi za mbali, mara nyingi huandikwa kwa lugha hiyo. Naye aandikaye "wametusahau" mahali pa "wametupuuza" amekwisha kumpunguzia mshtakiwa hatia kabla shauri halijasikilizwa.

Tuanze na neno "unpopular". Vijana wengi hudhani maana yake ni asiyejulikana. Walakini, ili mtu aitwe hivyo, sharti kwanza ajulikane, ndipo watu wasimpende. Kodi yaweza kuitwa "unpopular", na amri ya kupunguza mifugo vilevile, kwa sababu hapana asiyezijua. Asiyejulikana huitwa "obscure", neno ambalo asili yake katika Kilatini ni giza. Yaani mtu huyo yu gizani, macho hayamwoni. Liko na kosa baya zaidi. Kwa kuwa "famous" ni mashuhuri, mwanafunzi hudhani "infamous" ni asiye mashuhuri. La, hasha! Maana yake ni mwenye sifa mbaya iliyoenea. Mwalimu amwandikiaye mwenzake barua ya kumsifu, akamwita hivyo akitaka kusema ni mtu mtulivu asiyejitangaza, atamkosesha kazi.

Lakini neno litupendezalo kuliko yote ni "overlook", nalo twaweza kulifundisha bila ubao, kwa kutazama dirishani tu. Neno hili lina maana mbili. Ya kwanza ni kuwa juu ya mahali na kupatazama chini; ya pili ni kupitisha macho juu ya kitu usikione. Basi Mlima Meru wautazama mji wa Arusha kutoka juu, na hapo Mwingereza hutumia "overlook". Na wageni wapitao chini yake kwenda Serengeti na Ngorongoro hawautazami, na hapo pia hutumia "overlook". Kilimanjaro una futi 19,341, nao Meru wakaribia futi 15,000. Ni mlima wa pili kwa urefu katika Tanzania nzima. Una shimo kubwa la volkeno lililobomoka upande wa mashariki, na ndani yake kilima cha majivu. Katika nchi nyingine ungalikuwa mfalme. Hapa una jirani mrefu kuliko milima yote ya Afrika, na kosa lake ni hilo tu. Wahenga walisema kizuri chajiuza. Nasi twaona kwamba chajiuza pale ambapo hapana kikubwa zaidi sokoni. Hata hifadhi iliyo hapo, ilipoanzishwa mwaka 1960 iliitwa kwa jina la Ngurdoto, na mlima ulipotiwa ndani mwaka 1967 ikaitwa Arusha. Mlima wenyewe haukupewa jina.

Je, Mlima Meru ni "unpopular"? Hapana, hakuna auchukiaye.

Kiswahili nacho kina namna yake katika jambo hili. Sisi husema "nimepitiwa", na mwenye kupitiwa ni yule aliyesahau. Mwingereza hugeuza: "overlooked" ni yule aliyesahauliwa. Mfasiri asipoangalia hapo atageuza mwenye kosa kuwa mwenye kukosewa. Tena "overlook" ni kosa la macho, halina kusudi. "Ignore" ni jambo jingine: mtu ameona, amesikia, akatia pamba masikioni. Na "despise", ambalo asili yake ni kutazama chini, ni kumwona mtu vizuri kabisa lakini kumwona duni. Wamaasai waliwaita watu wasio na ng'ombe kwa jina lenye maana ya maskini, nalo likawa Wandorobo; vitabu vya Kizungu vikalichukua vivyo hivyo, ingawa watu hao wana majina yao wenyewe, kama Waakie wa upande wa Kiteto na Simanjiro. Katika Kiswahili ndorobo ni mbung'o pia, jambo ambalo halikuwapunguzia aibu.

Sasa twaja kwenye mfano mkubwa wa nchi hii. Mwaka 1951 serikali ya Waingereza iliwaondoa Wameru wapatao 3,000 katika ardhi yao ya Ngare Nanyuki, ili wapewe walowezi wa Kizungu mahali pa kufuga. Nyumba zilichomwa moto. Je, Wameru walisahauliwa? Hata kidogo. Walikuwa wamekataa waziwazi, na fidia waliikataa. Serikali ilisikia, ikatenda iliyotaka. Neno lake ni "ignored". Lakini huko New York, penye makao ya Umoja wa Mataifa, Wameru walikuwa "unknown". Na wengi waliosikia jina lao wangaliweza kudhani ni Wameru wa Kenya, walio watu wengine kabisa. Kila neno lina dawa yake. Asiyejulikana hujieleza, na huenda ikatosha. Aliyepuuzwa hata akijieleza mara mia kwa yule yule hapati kitu. Sharti atafute msikilizaji mwingine. Wameru walilijua hilo vema kuliko walimu wa lugha. Walichanga fedha, na mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa akaeleza habari za Ngare Nanyuki.

Kamati iliyomsikiliza ilikubali azimio la kuwatetea, lakini katika Mkutano Mkuu azimio halikupata theluthi mbili za kura, na walowezi wakabaki kwa wakati ule. Mwaka 1967 yeye pamoja na wakili Earle Seaton walitoa kitabu juu ya kesi hiyo.

Liko neno moja la mwisho, "unsung", yaani shujaa ambaye hapana aliyemwimba. Kama lamfaa Kirilo Japhet au halimfai, walimu ndio watakaotujibu. Kesho wawaulize watoto darasani ni wangapi walijuao jina lake, kisha wawaulize ni wangapi waujuao urefu wa Kilimanjaro.