Otomata Kikomo na Kitenzi cha Kibantu: Mahali pa Kuanzia Kazi ya Lugha za Meru

Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye makao makuu hapa Arusha, ilikipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi mwaka 2021. Mwaka huo huo sheria za Tanzania zilirekebishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Maamuzi hayo mawili yanazalisha maandishi mengi, na maandishi yasiyotafutika ni nusu ya kumbukumbu. Anayetaka kujua mahali popote palipotajwa kupitishwa kwa bajeti atakuta ilipitishwa, iliyopitishwa, haikupitishwa, isipopitishwa na wakaipitisha. Kompyuta inayochukua kila neno zima zima huyaona hayo kuwa maneno matano yasiyo na undugu. Dai la mada hii ni kwamba chombo cha kwanza cha kutatua tatizo hilo, kwa Kiswahili na kwa lugha za Kibantu za pembezoni mwa Mlima Meru, ni otomata kikomo: mashine nyepesi kuliko zote katika nadharia ya lugha za kanuni. Akili unde ya siku hizi inaweza kufuata baadaye.

Otomata kikomo ni mashine yenye hali chache zinazohesabika. Inasoma herufi moja baada ya nyingine, inahama kutoka hali moja kwenda nyingine, na mwisho inalikubali neno au inalikataa. Haina daftari la kuandikia. Inachokikumbuka ni hali iliyopo tu. Menyu za fedha kwenye simu, zile zinazoanza kwa nyota na kuishia kwa reli, zinaendeshwa karibu hivyo hivyo. Stephen Kleene alionyesha mwaka 1956 ni seti zipi za maneno mashine hii inaweza kuzitambua. Mwaka 1959 Michael Rabin na Dana Scott wakathibitisha kwamba kuiruhusu mashine ijaribu njia kadhaa kwa pamoja hakuiongezei uwezo. Noam Chomsky, katika miaka hiyo hiyo, alisema kuwa otomata kikomo haitoshi kueleza sentensi za lugha ya binadamu. Wengi waliichukua kauli hiyo kama hukumu ya mwisho, wakasahau kwamba ilihusu sentensi na haikugusa umbo la neno. Mwaka 1972 C. Douglas Johnson alionyesha kuwa kanuni za sauti, kama wanaisimu walivyozitumia kwa kweli, zinaweza kubebwa na mashine za aina hii.

Kiswahili kinatoa ushahidi mzuri sana. Tuangalie utangamano wa irabu katika mnyambuliko. Pika huzaa pikia na pikisha. Soma huzaa somea na somesha. Mzizi wenye e au o huita e, wenye a, i au u huita i. Mtu anaweza kudhani kwamba mashine inapaswa kuukumbuka mzizi wote hadi mwisho wa neno, lakini sivyo. Kosa huzaa kosesha. Kikiingia kiambishi -an-, tunapata kosana, kisha kosanisha, wala si kosanesha. Gomba, gombana, gombanisha vilevile. Irabu a iliyoingia katikati imeifuta kumbukumbu ya o. Kwa hiyo hali mbili zinatosha: irabu ya mwisho ni ya kundi la e na o, au siyo. Mzungumzaji hajui kwamba anaendesha mashine hiyo, lakini matamshi yake yanaitii kila siku.

Kuna utegemeano wa mbali zaidi, na hapo ndipo mashaka hujitokeza. Katika hawasomi, ha- ya mwanzoni inadai -i ya mwishoni, lakini hawakusoma na hawatasoma hubaki na -a, na vitenzi vya asili ya Kiarabu kama jibu na samehe havibadiliki kabisa. Tunasema wanaosoma au wasomao, kamwe si wanasomao. Otomata inayashughulikia haya kwa kutenganisha njia mapema: aliyeingia kwa mlango wa ukanushi wa wakati uliopo hupita hali zake mwenyewe hadi mwisho. Gharama ni hali nyingi zaidi, lakini idadi yake bado ina kikomo. Na hili limeshafanyika. Kimmo Koskenniemi alitoa modeli yake ya ngazi mbili Helsinki mwaka 1983, na Arvi Hurskainen wa chuo kikuu hicho hicho akaitumia kujenga kichanganuzi cha Kiswahili, akaieleza kazi hiyo katika makala ya mwaka 1992. Kichanganuzi hutoa maana zote zinazowezekana: wana ni watoto, na wana ni kuwa na kitu. Kuchagua kati ya hizo kunahitaji muktadha, na kwa kazi hiyo Hurskainen aliongeza tabaka jingine la kanuni. Otomata haikudai kuimaliza kazi yote.

Pingamizi linalosikika zaidi leo ni kwamba mitandao ya neva hujifunza yenyewe, hivyo kuandika kanuni ni kupoteza muda. Kwa Kiingereza huenda ni kweli. Kwa Kimeru cha hapa, kiitwacho pia Kirwa, ambacho ni ndugu wa lahaja za Kichaga na si wa Kimeru cha Kenya, maandishi ni machache mno kuulisha mtandao wa namna hiyo. Mwanaisimu mwenye wazungumzaji wawili watatu na subira anaweza kupanga viambishi vyake bila mamilioni ya sentensi. Kisha lipo jambo ambalo watetezi wa mitandao hulipita haraka. Tukiwa na otomata mbili, upo utaratibu wa uhakika wa kujua kama zinakubali maneno yale yale. Kwa sarufi huria za muktadha imethibitishwa kwamba utaratibu wa jumla wa namna hiyo haupo. Otomata inapokosea, kanuni yenye kosa inaweza kuonyeshwa kwa kidole.

Pingamizi zito zaidi linatoka ndani ya nadharia yenyewe. Uradidi, kama katika wanatembeatembea au alipigwapigwa, unadai kukumbuka kipande kizima na kukirudia, na kunakili bila kikomo ni zaidi ya uwezo wa otomata kikomo. Christopher Culy alionyesha mwaka 1985 kwamba msamiati wa Kibambara cha Mali unavuka hata sarufi huria za muktadha kwa sababu hiyo. Lakini ushahidi wake ulitegemea maneno ambatani yanayoweza kurefushwa bila mwisho. Kiswahili hurudia shina, na mashina pamoja na minyambuliko inayotumika kweli yanahesabika. Mashine itavimba, haitavunjika.

Waarusha, wanaozungumza lahaja ya Kimaa, wanaleta swali ambalo Kiswahili hakikuliuliza kamwe. Katika Kimaa toni ndiyo inayoonyesha kama nomino ni mtenda au mtendwa, na tahajia ya kawaida haiiandiki. Mashine zenye tepu mbili, moja ya herufi na nyingine ya toni, zinaweza kulibeba hilo, kwa sharti kwamba tepu ya pili ina kitu cha kusomwa. Kwa Kimaa, basi, kabla ya kubishana kuhusu hali na mipito, wenye lugha na waandishi wa kamusi wanapaswa kukubaliana jinsi toni itakavyoandikwa.