Chakula cha Safarini

Reli ya zamani toka Dar es Salaam hata Kigoma ina kilometa zipatazo 1,250. Katika safari ndefu namna hiyo, njaa humfanya mtu anunue kila kipitishwacho dirishani. Sisi nasi tumefanya hivyo, tukajuta usiku. Nunueni mihogo itokayo motoni. Ndizi mzimenye wenyewe, kwa mikono iliyooshwa kwa sabuni. Maji yachemsheni nyumbani.

Tuliogopalo zaidi ni mtoto kuharisha garini, maana maji ya mwili humwishia upesi. Katika lita 1 ya maji yaliyochemshwa tieni vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, visijae kupita ukingo, kwani chumvi ikizidi humdhuru. Mnywesheni kidogo kidogo. Akilegea, msingoje Kigoma: shukeni stesheni iliyo karibu na hospitali.