Kiu ya Sigara Ina Mwisho
(Hotuba iliyotolewa Karatu mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa)



Kamati iliponiandikia barua iliniomba nizungumze juu ya kazi yangu ya maji. Nilijibu kwamba habari za maji nitazieleza siku nyingine, kwa sababu kuna deni ninalodaiwa mahali hapa tangu mwaka 1996, na leo nataka kuanza kulilipa. Deni lenyewe ni la sigara moja.

Mnaonikumbuka mtakumbuka kwamba nilikuwa kiranja wa bweni na kiongozi wa mchakamchaka. Kabla jua halijachomoza nilikuwa natangulia mbele nikiimbisha, nanyi nyuma mkiitikia, tukilitimua vumbi jekundu la Karatu, maana barabara ya lami ilikuwa bado haijatufikia. Wasilolijua wengi ni kwamba tangu nilipokuwa Kidato cha Tatu nilikuwa navuta. Sina wa kumlaumu. Walimu walikataza, nasi tulijificha. Tulinunua sigara moja moja, tukagawana watu watatu, kisha tukatafuna majani ya mpera ili kuua harufu.

Jioni moja ya mwaka ule wa 1996, kijana wa Kidato cha Kwanza alitufuma. Aliogopa, na sisi tuliogopa zaidi, kwani angeweza kutusema. Mimi ndimi niliyepata akili ya kumfunga mdomo: nilimpa avute. Alikohoa mpaka machozi yakamtoka, sisi tukacheka. Juma lililofuata alikuja mwenyewe, bila kuitwa.

Kijana yule sasa ni mtu mzima mwenye watoto. Ameniruhusu nieleze habari zake kwa sharti kwamba nisimtaje jina, nami nitaliheshimu sharti hilo. Nitarudi kwake baadaye.

Mimi niliendelea. Chuo Kikuu nilivuta usiku wa kujiandaa kwa mtihani. Nilipoajiriwa na Serikali nilivuta jalada likiwa gumu, na likiwa jepesi nikavuta kwa furaha. Ilipofika mwaka 2016 nilikuwa navuta sigara 15 kwa siku. Pigeni hesabu: ni sigara 5,475 kwa mwaka mmoja. Hakuna mtu ambaye angeniona dukani nikinunua sigara 5,475 asidhani nimerukwa na akili. Lakini moja moja hakuna aliyeshangaa.

Mwezi Juni mwaka huo nilikwenda kukagua chanzo cha maji upande wa juu, ukingoni mwa msitu wa Ngorongoro. Kama mjuavyo, msitu ule ndio unaonasa mvua na ukungu na kuzilisha chemchemi zetu. Tulikwenda kwa miguu, mimi, askari wa kutulinda na nyati na tembo, na mzee mmoja wa kijiji mwenye umri upatao miaka 70 aliyejua njia. Mlima si mkali sana. Lakini kila baada ya hatua hamsini nilikuwa nasimama na kujifanya ninaandika kitu katika daftari. Mzee alinisubiri kwa adabu mara tatu. Mara ya nne akaniuliza, "Bwana Maji, umebeba nini hata umechoka hivyo?"

Nilikuwa sikubeba kitu ila kalamu, daftari na pakiti ya sigara.

Baadaye niliuliza wataalamu wa afya nikaelezwa. Moshi wa sigara una hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa wakati wa baridi. Hewa hiyo hukalia nafasi ya oksijeni katika damu. Ukingo wa Kreta uko kiasi cha mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa yenyewe tayari ni nyepesi. Kwa hiyo mimi nilikuwa napanda mlima huku nimeigawa damu yangu nusu kwa nusu na moshi, au angalau ndivyo mapafu yangu yalivyoona. Habari njema ni kwamba hewa hiyo hutoka mwilini katika siku moja au mbili tu baada ya kuacha.

Inayobaki ikisumbua ni nikotini. Mtu akivuta, nikotini hufika ubongoni katika sekunde chache. Baada ya saa mbili hivi nusu yake imekwisha kutoka katika damu, na ubongo uliozoea huanza kudai. Hapo mvutaji hukosa raha, huvuta nyingine, na kusema, "Sigara inanituliza." Kumbe imetuliza udhia ulioletwa na sigara iliyotangulia. Ni kama mtu anayekopa ili alipe riba ya mkopo wa jana.

Ndugu zangu, msidhani niliacha kwa mara moja. Nilikuwa nimekwisha kushindwa mara mbili. Mara ya kwanza niliacha kwa siri ili nikishindwa asijue mtu. Nikashindwa siku ya tatu, na kweli hakujua mtu. Mara ya pili nilikaa majuma sita. Kisha tukawa msibani, usiku, kando ya moto, baridi ya Karatu mnaijua, na ndugu mmoja akaninyoshea pakiti. Nikasema "moja tu." Kulipokucha nilikuwa nimevuta nne.

Mara ya tatu nilipanga. Nilichagua tarehe 1 Julai 2016, siku ya kwanza ya mwaka wa fedha wa Serikali, ili mahesabu yasinipotee. Niliwatangazia mke wangu, watoto wangu, karani wa masjala, na mama mwenye duka jirani na ofisi, ambaye nilimwomba asiniuzie hata nikimlilia. Alicheka sana, lakini ahadi aliitimiza, nami nilimlilia kweli.

Siku za kwanza zilikuwa mbaya, sitawaficha. Sikulala vizuri, nilimkaripia kila aliyeingia ofisini, na jalada moja nililisoma mara tano bila kuelewa kilichoandikwa. Siku ya nne, Jumatatu, safari ya kazi ikanipeleka Ngorongoro. Mwezi Julai ukingo wa Kreta hufunikwa na ukungu mzito asubuhi, hata huoni mtu aliye mbele yako. Tulisimama pale mahali pa kutazamia bonde, na kiu ya sigara ikanishika vibaya sana, mikono ikitafuta mfukoni yenyewe. Palikuwa na wageni wakinung'unika kwamba wametoka mbali na hawaoni kitu. Dereva wetu, mtu wa makamo asiye na maneno mengi, akawaambia, "Kreta haijaenda popote. Subirini."

Nikatazama saa yangu. Ilikuwa saa mbili na dakika kumi. Nikaamua kwamba nami nitasubiri, nisipigane na kiu ile wala nisiitii, niitazame tu kama wale wageni walivyokuwa wakiutazama ukungu. Nilitafuna karanga, nikalizunguka gari. Ilipofika saa mbili na robo kiu ilikuwa imelegea. Ilirudi tena tukiwa langoni Loduare, wakati vibali vinakaguliwa, nayo ikapita. Kwa hakika ukungu ulikawia kuliko kiu.

Hilo ndilo neno langu kubwa la leo. Mvutaji anayeacha hudhani kwamba kiu ile isipotimizwa itazidi na kuzidi mpaka imuue. Sivyo. Huja, hupanda, na baada ya dakika chache hushuka, uvute usivute. Siku za mwanzo huja mara nyingi. Baada ya majuma mawili mpaka manne huwa imepungua sana. Kazi yako si kushinda maisha yako yote kwa siku moja. Kazi yako ni dakika tano, kisha nyingine tano.

Nitaongeza machache yaliyonisaidia.

La kwanza, zijue saa na mahali pa hatari. Kwangu zilikuwa chai ya saa nne, baada ya chakula cha usiku, na kila mahali pa kungojea. Chai ya saa nne niliibadili nikanywa uji. Baada ya chakula niliondoka mezani mara moja nikaosha vyombo mwenyewe, jambo lililowashangaza wa nyumbani. Pombe niliiacha kwa miezi mitatu, kwa sababu glasi ya pili huwa haina kumbukumbu ya ahadi.

La pili, usione haya kuomba msaada wa dawa. Ziko chingamu na plasta zenye nikotini kidogo bila moshi, na Shirika la Afya Duniani liliziingiza katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2009. Muulize daktari au mfamasia.

La tatu, usikimbilie ugoro ukidhani umeokoka. Siwadharau wazee wetu. Wamasai na Wadatoga wamekuwa nao miaka mingi, na mzee akikukaribisha ugoro anakupa heshima. Lakini nikotini ni ile ile, na minyororo yake ni ile ile.

La nne, ukianguka, inuka siku ile ile. Sigara moja ni kosa moja. Isikupe ruhusa ya kununua pakiti.

Kwa rika langu, wanaosema "tumekwisha chelewa," nina hesabu ya wengine. Uingereza walifuatiliwa madaktari wanaume zaidi ya 34,000, kuanzia mwaka 1951, na matokeo ya miaka 50 yalitolewa mwaka 2004. Walioendelea kuvuta walikufa mapema kwa wastani wa miaka 10 kuliko wasiovuta kamwe. Waliokoma wakiwa na miaka 60 waliokoa kiasi cha miaka mitatu. Miaka 50, sita. Miaka 40, tisa. Tazameni mvi zenu, kisha mjipangie wenyewe.

Sasa narudi kwa yule kijana. Mwaka 2017 nilikutana naye stendi ya Karatu. Alinikumbatia, akaniita "Kiranja," kama zamani, akaniuliza kama nina kiberiti. Nilimwambia nimeacha. Akacheka, akasema, "Ulinifundisha kuvuta, sasa utanifundisha na kuacha?" Alisema kwa mzaha. Lakini alikohoa baada ya kucheka, na kikohozi kile kilikuwa kirefu, nasi wote wawili tukanyamaza.

Tangu hapo Jumapili nyingi tunatembea pamoja jioni. Amejaribu kuacha mara mbili. Mara ya kwanza siku nne, mara ya pili siku 19. Leo hajaacha. Ningependa kuwaletea hadithi iliyokwisha vizuri, lakini hiyo ndiyo kweli. Nimemwambia kwamba siku 19 si bure, na kwamba mimi mwenyewe niliacha mara ya tatu. Niliyempa kwa dakika moja, kumsaidia kukiondoa kumenishinda kwa miaka.

Vijana, sheria ya nchi yetu ya mwaka 2003 inakataza kumwuzia tumbaku mtu aliye chini ya miaka 18. Lakini mimi sikuuziwa ile ya kwanza, wala yeye hakuuziwa. Tulipewa na wakubwa tuliowapenda. Kwa hiyo wa Kidato cha Kwanza, mkubwa wako akikupa, kumbuka kwamba huenda anaogopa kuliko wewe. Na wewe wa Kidato cha Nne, ukifumwa, afadhali usemwe. Adhabu yake ingekuwa imekwisha zamani.

Na ninyi ndugu zangu wenye pakiti katika mifuko ya makoti, ninawaona. Siwaambii mzitupe. Kengele ya chai itakapogongwa, tazameni saa, mngoje dakika tano, kisha mje tuzungumze. Nitakuwa pale chini ya mipera, mahali mnapopajua.