Harufu ya Choo: Lini ni Kawaida, Lini Ukapime
Msikilizaji, leo tunataja jambo ambalo wengi hulionea haya: harufu ya choo kikubwa.

Choo kunuka ni kawaida. Ndani ya utumbo mpana wanaishi bakteria, na wengi wao wana faida. Mabaki ya chakula yakifika huko, wao huyavunjavunja. Hapo hutoka gesi. Ukila nyama nyingi, mayai, vitunguu au kabichi, gesi hiyo huwa na salfa, nayo hunuka kama yai viza. Wengine, tumbo lao haliyawezi maziwa, na wakiyanywa gesi na harufu huzidi.

Kwa hiyo harufu ikibadilika, jiulize kwanza: jana nilikula nini? Punguza chakula hicho kwa siku chache. Kunywa maji ya kutosha. Ukitaka kula mboga na maharage zaidi, ongeza kidogo kidogo, gesi isizidi.

Lakini sikiliza vizuri. Harufu kali isiyoisha, pamoja na kuhara, choo chenye mafuta au kukonda, usiipuuze. Ukiona damu, au choo cheusi cha kunata, usingoje. Nenda kituo cha afya ukapimwe. Usinunue dawa kwa kubahatisha.

Kumbuka: harufu ya siku moja, angalia ulichokula. Harufu isiyoisha, yenye dalili nyingine, nenda ukapime.